Kipeuo cha Thelathini na Sita

Nyumbani kwao hakuna aliyehitaji saa ya kengele. Kabla jua halijapanda juu ya paa la jirani, cherehani ya mama ilikuwa imeshaanza kunguruma katika chumba cha mbele, na kikohozi cha Kibonge, mtoto wa mwisho, kikiitikia kutoka chumba cha nyuma. Hapo ndipo dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili, alipochupa kitandani. Alipiga mswaki huku anatafuta kiatu, akafunga vifungo vya sare huku anakunywa chai, kisha akatoka mbio na kurudi mbio, kwa sababu begi la shule lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari.

"Una siafu kwenye soksi, mwanangu?" mama alimuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Sina hata soksi, mama!" akajibu akiwa ameshafika njiani.

Watu walimwita Cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona maturubai, lakini jina hilo halikutokana na kazi ya mama. Lilitokana na miguu yake mwenyewe. Akiketi tu, mguu wa kulia ulianza kukanyaga sakafu, juu chini, juu chini, kama mtu anayeshona nguo isiyoonekana. Darasani dawati lilitikisika mpaka mwenzake wa karibu, msichana mpole aliyeitwa Kimya, alijifunza kuandika kwa kufuata mtikisiko huo.

Wiki ile mwalimu wa Hisabati alikuwa ameanza mada mpya. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti ya taratibu na mikono iliyojaa chaki mpaka kwenye viwiko.

"Namba ikizidishwa kwa yenyewe, tunapata kipeo chake cha pili," alisema. "Mbili mara mbili ni nne. Tatu mara tatu ni tisa. Nne na tisa ni namba za mraba. Sasa tugeuke, turudi tulikotoka. Kurudi huko kunaitwa kutafuta kipeuo. Angalieni vizuri, kipeo na kipeuo vimetofautiana kwa herufi moja tu, lakini kimoja kinakwenda na kingine kinarudi. Haya, kipeuo cha pili cha nne ni..."

"Mbili!" Cherehani alikuwa ameshasimama.

"Vizuri sana."

Akaketi akiwa amevimba kichwa. Kumbe ni rahisi hivi, akawaza. Nusu ya nne ni mbili. Kipeuo ni nusu! Mwalimu aligeukia ubao, akaanza kuchora vijisanduku na kueleza kwa nini inakuwa hivyo. Cherehani hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa dirishani, ambako upepo ulikuwa unalifukuza karatasi uwanjani, na yeye moyoni alikuwa anakimbia nalo.

Mazoezi yalipotolewa, alimaliza wa kwanza. Kipeuo cha kumi na sita, nane. Cha thelathini na sita, kumi na nane. Cha sitini na nne, thelathini na mbili. Kesho yake daftari lilirudi na mikasi mitupu, alama nyekundu za kukosa, kuanzia juu mpaka chini, na mwishoni mwalimu ameandika: *Njoo unione.*

Hakwenda. Angekwendaje, yeye aliyesema "mbili" mbele ya darasa zima na kusifiwa? Alichukua gundi, akaubandika ukurasa ule na jirani yake, zikawa karatasi moja nene. Zoezi lililofuata alimnong'oneza Kimya, "Nipe daftari lako mara moja."

"Nikueleze? Ni dakika tano tu."

"Hatuna dakika tano. Nipe tu."

Kimya alisita, kisha akalisukuma daftari upande wa pili wa dawati bila kumtazama. Safari hii Cherehani alipata vyema vyote kumi.

Jumatano mchana ulivuma upepo mkali uliong'oa mabati ya darasa la chekechea na kuyatupa nyuma ya uzio. Ilikuwa bahati kwamba watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani. Alhamisi na Ijumaa walisomea kwenye kibaraza cha stoo, vumbi likiwaingia machoni na manyunyu yakiwarushia maji mgongoni. Kibonge alikuwa mmoja wao. Kifua chake hakikupenda baridi wala vumbi, na Ijumaa jioni alikohoa mpaka akaketi chini.

Jioni hiyo hiyo mwalimu wa chekechea aliingia nyumbani kwao na robota la kitambaa kizito cha turubai lililobebwa na wazazi wawili.

"Mama fundi, mabati yatachukua wiki mbili," alisema. "Wazazi wametuletea kitambaa hiki. Tunaomba utushonee turubai la umbo la mraba. Watoto ni thelathini na sita, kila mmoja nimempigia mita moja ya mraba. Jumapili tunasimamisha nguzo kwa kufuata turubai lako. Jumatatu tukishindwa, itabidi watoto wabaki nyumbani, maana mawingu yenyewe mnayaona."

Mama akapima. Upana mita mbili na vidole kadhaa vya kushonea, urefu mita kumi na nane. "Kinatosha barabara," akasema. "Nitashona kesho."

Mwalimu alipoondoka, mama alichukua daftari la Cherehani lililokuwa mezani, akalifungua katikati. Akaona vyema kumi vimepangana kama askari. Uso wake uliokuwa umechoka ukachanua.

"Vipeuo hivi unavijua vyote?"

"Navijua, mama. Rahisi tu," Cherehani alijibu, na mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga.

Jumamosi asubuhi palikucha na upepo. Turubai kuukuu lililofunika baraza lilipigapiga kama bawa la kuku anayechinjwa, na kila lilipopiga, Cherehani alishtuka. Mama alikuwa amegundua kwamba pete za shaba za kupitishia kamba zilikuwa zimekwisha. Ilimbidi avuke mji mzima kuzifuata.

"Sikiliza vizuri," alisema akijifunga mtandio. "Eneo ni mita za mraba thelathini na sita. Wewe ndiye mtaalamu wa vipeuo. Piga hesabu, kila upande utakuwa mita ngapi, halafu tandaza kitambaa uani na uweke mstari wa chaki pa kukatia. Nikirudi nahakiki kwa kamba yangu, nakata, nashona. Mkasi usiuguse. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na mdogo wako asitoke nje na upepo huu bila sweta."

Mama akaenda. Cherehani akabaki na robota la kitambaa, kipande cha chaki, na namba thelathini na sita. Aliandika namba hiyo sakafuni, akaitazama, nayo kama ikamtazama. Nusu? Nusu ni kumi na nane, na nusu ilishamletea mikasi. Alijaribu kukumbuka alivyoandika Kimya, lakini mkono unaonakili haukumbuki kitu. Alizunguka chumba mara tatu. Alikunywa maji bila kiu. Alirudi kwenye namba yake.

"Mraba una pande nne," akajiambia. "Basi thelathini na sita nigawe kwa nne. Tisa!" Akaruka. Halafu akaona jambo lililomfurahisha zaidi. Kitambaa kilikuwa cha mita kumi na nane, na tisa ni nusu yake kamili. Ukikata katikati, unapata vipande viwili sawasawa. Jibu zuri namna hiyo lingekosaje kuwa sahihi?

Alikitandaza kitambaa uani, akakipima kwa futikamba, akachora mstari wa chaki kwenye mita ya tisa. Kibonge, amevaa sweta lililomfika magotini, alichukua kipande kingine cha chaki akaanza kuchora magurudumu pembeni mwa kitambaa.

"Cherehani!" Wasichana wa mtaa walikuwa wanaita kutoka njiani. "Njoo tukimbizane! Timu yetu imepungua mmoja!"

"Nakuja!"

Lakini angekwendaje, wakati mama hajarudi na upepo unakivuta kitambaa? Mguu ukakanyaga, ukakanyaga. Mkasi mkubwa wa mama ulikuwa pale pale juu ya meza ya cherehani. Akawaza: nikimkatia kabisa, mama atakuta kazi nusu imekwisha, atafurahi, ataniruhusu. Mstari si upo tayari? Mkasi ukaingia kwenye kitambaa kwa mlio mnene, kr-r-r-r, na kabla hajatafakari mara ya pili, vipande vilikuwa viwili.

Akavilaza ubavu kwa ubavu, akarudi nyuma hatua chache avitazame.

"Dada," alisema Kibonge, "mbona refu kama basi?"

Lilikuwa refu kama basi kweli. Cherehani alipima kwa hatua zake. Upande huu mita tisa. Upande ule, mbili na mbili, mita nne. Alipima tena, akitumaini labda miguu yake imekosea. Tisa kwa nne. Mtoto wa chekechea alikuwa ameshaliona, kwamba huo haukuwa mraba hata kwa mtu mwenye makengeza.

Kitambaa kilichokatwa hakirudi kikawa kizima. Wasichana waliita tena, na safari hii sauti zao zilimuudhi.

"Kaa hapa hapa," alimwambia mdogo wake huku anaviviringisha vipande na kuviingiza ndani. "Usiguse kitu. Usiseme kitu. Nakuja sasa hivi."

Alikimbia bila kuvaa viatu mpaka kwa Kimya. Alimkuta ameketi mlangoni, anachambua maharage kwenye sinia.

"Kipeuo cha pili cha thelathini na sita ni ngapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Kimya alimtazama. "Uliandika jibu lake Jumanne. Mimi niliona."

"Niliandika lako! Mimi sijui. Sijui kabisa, Kimya. Sijui hata ni kitu gani." Akajibwaga kizingitini. "Nimekata kitambaa cha chekechea."

Kimya hakumcheka wala hakumlaumu. Alisogeza mawe na maganda pembeni, akahesabu maharage thelathini na sita, akayaacha hayo peke yake kwenye sinia, akalisogeza mbele yake. "Ulifikiri upande ni ngapi?"

"Tisa. Niligawa kwa nne kwa sababu mraba una pande nne."

"Basi panga tisa kwa mstari mmoja. Endelea mpaka yaishe."

Cherehani alipanga. Mistari minne. Refu kama basi.

"Ungekuwa unajenga uzio wa mita thelathini na sita, tisa ingekuwa sawa," alisema Kimya. "Uzio unazunguka pembeni. Sisi tunafunika ndani, kama mtu anayetandika mkeka. Sasa punguza mstari."

Alijaribu nane. Ikatoka mistari minne na maharage manne yakabaki bila kwao. Alijaribu saba. Mistari mitano, na harage moja likabaki yatima. Akataka kuyapangua yote kwa hasira, lakini Kimya alimshika mkono.

"Bado moja."

Akapanga sita. Sita tena. Mstari wa tatu, wa nne, wa tano. Alipoweka harage la mwisho, halikubaki hata moja pembeni. Akahesabu kwenda mbele, sita. Akahesabu kushuka chini, sita. Aliligeuza sinia upande mwingine, mraba ukabaki vile vile.

"Sita mara sita," akasema polepole. "Kipeo cha pili cha sita ni thelathini na sita. Kwa hiyo kipeuo... ni upande! Ni upande wa mraba! Mwalimu alikuwa anachora visanduku, Kimya, alikuwa anachora jambo hili hili!"

"Ulikuwa unaangalia nje."

"Nilikuwa naangalia nje," akakiri. Kisha akatulia, jambo lililokuwa geni kwake, akiyatazama yale maharage. "Sita, na upana wa kitambaa ni mbili. Vipande vitatu vya sita. Mimi nina viwili vya tisa." Midomo yake iliendelea kucheza bila sauti. Ghafla akanyanyuka. "Asante! Nitakuja kukusaidia kuchambua!"

Alipokaribia kwao, alisikia sauti ya mama kabla hajaiona nyumba. Mama hakuwa mtu wa kupayuka, na kwa hiyo Cherehani alipunguza mbio.

"Nimekuuliza, chaki hii mikononi mwako imetoka wapi?"

Kibonge alikuwa amesimama katikati ya chumba, viganja vimejaa chaki, kamasi na machozi vimechanganyika. Vipande viwili vya turubai vilikuwa vimetandazwa miguuni pake, na pembeni magurudumu yake yakionekana wazi.

"Siyo mimi," alisema, akakohoa.

"Siyo wewe! Dada yako anazijua hesabu hizi, daftari lake nimeliona kwa macho yangu mawili. Angewezaje kuweka mstari kwenye tisa? Wewe ndiye uliyechezea mistari yake, ukafuta na kuchora, naye akakata pasipofaa. Na nilimwambia asikate, hilo nitamuuliza akija. Lakini wewe, kitambaa cha darasa lenu wenyewe!"

"Siyo mimi, mama." Hakusema ni nani. Alikuwa ameambiwa asiseme kitu, naye alikuwa hasemi.

Cherehani alisimama nje ya mlango, mkono ukutani. Uongo ulikuwa umeshatungwa na mtu mwingine, tena umekamilika. Yeye hakuhitaji hata kufungua mdomo. Angeinamisha kichwa tu, aseme samahani kwa kukata bila ruhusa, na mengine yote yangemwangukia mtoto wa miaka mitano aliyekohoa katikati ya chumba. Upepo ulivuma nyuma yake, ukampeperusha sketi. Kibonge akageuka, akamwona, akafuta pua kwa mkono wa sweta. Hakumwonyesha kidole.

"Mama, mwache," Cherehani alisema. "Ni mimi."

"Najua umekata wewe. Nauliza nani..."

"Mstari ni wangu. Tisa ni yangu. Hakufuta kitu chochote." Sasa maneno yalitoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. "Sikujua hesabu ile, mama. Vile vyema siyo vyangu, nilinakili kwa Kimya. Vyangu ni mikasi, nimeibandika kwa gundi usiione. Ulivyofurahi jana nikaona haya kusema sijui. Na mkasi niliushika kwa sababu nilitaka kwenda kukimbizana."

Mama aliketi kwenye kigoda chake. Alinyoosha mikono, akamvuta Kibonge mapajani, akamfuta uso kwa pindo la mtandio.

"Nisamehe, baba," alimwambia. "Mama amekosea. Amekuonea." Kisha akamgeukia binti yake. "Umeona? Nimemgombeza asiye na kosa kwa sababu nilikuamini wewe. Uongo wako mdogo wa jana, leo umepata mzigo, na mzigo huo amebebeshwa huyu."

Cherehani alilia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akagusa kitambaa kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki? Hiki hakiongezeki kwa machozi."

"Mama, nadhani kinatosha." Alifuta macho, akachukua chaki, akapiga magoti na kuanza kuchora sakafuni. "Kila upande ni mita sita. Sita mara sita ni thelathini na sita, nimepanga kwa maharage. Upana wa kitambaa ni mita mbili, kwa hiyo tunataka vipande vitatu vya mita sita. Vyangu viwili ni vya mita tisa. Tukikata mita tatu kwenye kila kimoja, tunabaki na viwili vya sita. Vile viwili vya mita tatu tukiviunga, tatu na tatu, tunapata cha sita. Kinakuwa cha tatu."

Mama alikuwa ameinama mbele. Aliufuatilia mchoro kwa kidole, akaurudia.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Ila ningekata mimi, ningekuwa na mishono miwili. Sasa kuna wa tatu, tena unakatiza katikati. Mshono ni mlango wa maji. Na utakula vidole vitatu vya kitambaa, kwa hiyo itabidi nipunguze pande zote zilingane." Akatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. "Leo hukimbizani na mtu. Utashika kitambaa."

Kushika kitambaa cha turubai si mchezo. Ni kizito, kinataka kuteleza, na mshonaji anahitaji kikae wima bila kuvutwa wala kulegea. Cherehani alipima kila kipande mara tatu, mama akahakiki kwa kamba yake kabla ya kukata. Kisha akasimama nyuma ya cherehani, mikono miwili imebeba kitambaa, saa baada ya saa. Mguu ulitaka kukanyaga. Ukikanyaga, mkono unatikisika, na mkono ukitikisika mshono unakwenda kombo. Mara mbili mama alifumua na kuanza upya. Mara ya tatu Cherehani alibana magoti yake mpaka yakauma. Nje wasichana walipita, wakaita, wakachoka, wakaenda zao.

Mshono wa katikati mama aliukunja mara mbili na kuushona mistari minne, kisha akaupaka nta. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipogonga pete ya mwisho ya shaba.

Jumapili wazazi walisimamisha nguzo. Mwalimu wa chekechea alipima upande mmoja, akahamia wa pili, wa tatu, wa nne, kisha akapima kutoka pembe hadi pembe. "Zote sawa," akatangaza. Hakuna aliyeuliza kuhusu mshono wa ziada, lakini Cherehani aliona kila mtu aliyeinua kichwa macho yake yaliishia pale.

Mvua ilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati la darasa lao, halafu ikamwagika kwa kishindo hata mwalimu wa Hisabati akashindwa kusikika. Cherehani hakuweza kuketi. Aliomba ruhusa, akakimbia kwenye kibaraza, akasimama mwishoni pake, mahali anapoweza kuwaona watoto wa chekechea chini ya turubai. Walikuwa wameketi mistari sita, nusu yao wakiimba na nusu wakitazama juu. Mama alikuwa pale pia. Alikuja na mwavuli wake kuangalia kazi yake, na sasa alikuwa amesimama katikati, uso juu, kiganja wazi chini ya ule mshono.

Alisimama hivyo kwa muda mrefu. Kisha akamwona binti yake, akakigeuza kiganja kumwonyesha. Kilikuwa kikavu.

Mvua ilipopungua, Cherehani alikwenda ofisini na daftari lake. Alikuwa amejaribu kuzibandua zile kurasa mbili, zikachanika katikati, lakini mikasi ilionekana na maneno *Njoo unione* pia.

"Mwalimu, nimekuja," alisema. "Nimechelewa." Akaeleza yote, hata ya turubai.

Mwalimu alizitazama zile kurasa zilizochanika. "Nilipoona vyema kumi siku iliyofuata, nilijiuliza," alisema. "Na mimi nina kosa. Ulipojibu mbili, nilikusifu bila kukuuliza umepataje. Nne ni namba yenye hila. Nusu yake na kipeuo chake ni kitu kimoja, basi humdanganya mtu. Haya, rudi darasani. Zoezi hili utalifanya upya, peke yako."

Kipindi kilichofuata mwalimu aliandika ubaoni: *Kitambaa kina eneo la mita za mraba 50. Upande wa mraba wake ni mita ngapi?* Watoto waliinamia madaftari kama watu wanaojua wanachokifanya. Cherehani alijaribu. Saba mara saba, arobaini na tisa, moja inabaki. Nane mara nane, sitini na nne, imepita. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Kimya naye aliuma kalamu.

Cherehani aliinua mkono. Uso ulimwaka moto.

"Mwalimu, sijui. Saba haifiki, nane inazidi. Naomba unieleze."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwalimu aliweka chaki mezani, akasubiri kicheko kiishe.

"Huyu amesema jambo la kweli kuliko wote waliojifanya wanaandika," alisema. "Upande wa kitambaa hicho uko kati ya saba na nane, karibu kabisa na saba, na leo tutajifunza kuukaribia. Lakini kwanza nisikilizeni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno 'sijui' ukilisema mapema, unapata aibu ya dakika moja, basi. Ukilificha, aibu haiondoki, inahamia kwa wengine. Itamfika mdogo wako, itamfika mama yako, itawafika watu waliokuamini. Jibu la kunakili ni la mwenzako, na siku ya kazi mwenzako hatakuwepo."

Akalitazama darasa lote, dawati baada ya dawati.

"Haya. Nani mwingine hajaelewa?"

Kimya akainua mkono. Nyuma yao ukainuka mwingine, na mwingine, mpaka ikawa mikono kumi na mmoja, na mmoja wao ulikuwa wa yule aliyecheka.

Mwalimu akafuta ubao wote, akachukua kipande kipya cha chaki, akaanza kuchora vijisanduku.